Mshahara gani unatosha kuishi Mtwara Mjini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa ajili ya mtu aliyepata barua ya ajira au ya uhamisho wa kuja Mtwara Mjini, ambaye hajawahi kufika na anataka kujua kama mshahara ulioandikwa kwenye barua hiyo utamfikisha mwisho wa mwezi. Makato, viwango vya umeme na kima cha chini vinavyotajwa humu ndivyo vilivyowekwa na serikali. Bei za nyumba na chakula ni za mfano tu, zimewekwa ili hesabu ifanyike, nawe utaweka zako ukishaulizia.

Je, ni kweli kwamba Mtwara ni mji ghali?

Inategemea unachonunua. Vitu vinavyotoka baharini na katika mashamba ya karibu, yaani samaki, nazi, muhogo, korosho na ming'oko (mizizi ya porini inayochemshwa) wakati wake, havimsumbui mtu. Vinavyosumbua ni vile vinavyopanda lori. Viazi mviringo, vitunguu na maharage hushuka kutoka nyanda za juu kwa barabara ya Songea, Tunduru na Masasi, na karibu kila kitu cha kiwandani, kuanzia sabuni hadi vipuri vya pikipiki, hutoka Dar es Salaam, safari ya takriban kilomita 560. Mwenye duka hukulipisha safari hiyo ndani ya bei ya kila pakiti.

Wazee wa mji watakwambia kwamba zamani hali ilikuwa mbaya zaidi, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, wakati abiria na mizigo vilikuwa vikisubiri pantoni kwenye Mto Rufiji. Hata hivyo, barabara hiyo bado ni moja tu. Mei 2024, wakati wa mvua za Kimbunga Hidaya, ilikatika maeneo ya Somanga wilayani Kilwa, na malori yaliyokuwa yanakuja kusini yakabaki upande wa pili. Mgeni anayepanga bajeti ya mwaka mzima afanye hesabu akijua kwamba jambo la namna hiyo linaweza kutokea tena wakati wa masika.

Takwimu za taifa hazisaidii sana hapa. Mfumuko wa bei kwa mwaka 2024 ulikuwa wastani wa asilimia 3.1, kiwango cha chini, lakini mfumuko hupima kasi ya bei kupanda. Haukwambii kama bei yenyewe ilikuwa tayari juu ulipofika.

Kwa nini kodi ya nyumba katika baadhi ya mitaa hailingani na ukubwa wa mji?

Sababu kubwa ni gesi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 ikakaa ardhini miaka mingi bila kumshughulisha mtu. Mambo yalibadilika baada ya mwaka 2010, pale kampuni za utafutaji wa gesi baharini zilipoufanya mji kuwa kituo cha shughuli zao, na wenye nyumba, hasa wa mtaa wa Shangani, wakaanza kuwaza wapangaji wanaolipiwa na kampuni. Nyumba zilikarabatiwa, nyingine zikajengwa kwa mikopo, na bei zikapangwa kwa kumtazama mgeni. Kumbukumbu nyingine ya kipindi hicho ni vurugu za Januari na Mei 2013, wananchi walipopinga gesi kusafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam. Bomba lilikamilika mwaka 2015 pamoja na kituo cha kusafishia gesi cha Madimba, na mwaka huohuo kiwanda cha saruji cha Dangote kilifunguliwa Msijute.

Kampuni nyingi za utafutaji zilipunguza shughuli zao baadaye, lakini mwenye nyumba aliyewahi kupata mpangaji mmoja wa kampuni haisahau bei ile. Wapo wanaokubali nyumba ikae tupu miezi minane kuliko kuipunguzia kodi, na ukiwauliza sababu watakujibu kwa utulivu kabisa kwamba mradi wa gesi wa Likong'o kule Lindi ukianza, wageni watarudi.

Kodi hulipwa kwa utaratibu gani?

Swali hili lina uzito kuliko swali la mshahara, ingawa wengi huliuliza wakiwa wameshafika. Kodi hutajwa kwa mwezi lakini hulipwa kwa miezi sita au kwa mwaka, yote mara moja, kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Dalali naye hudai malipo yake, ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, na wengine hudai kitu kidogo cha kukuzungusha kuona nyumba hata kama hukuipenda hata moja.

Tuchukue mfano wa chumba, sebule na jiko kwa shilingi 120,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 720,000, na ukiongeza 120,000 ya dalali unatoa 840,000 kabla hujanunua ndoo. Godoro, kitanda, mtungi wa gesi na jiko lake, feni, pazia na vyombo vichache havitapungua 600,000 kwa mtu anayeanza na sifuri. Kwa hiyo unahitaji karibu shilingi milioni moja na nusu siku ya kuhamia, na bado hujala.

Mimi nilifika mwezi wa Novemba nikiwa na kodi ya miezi sita mfukoni, nimeihesabu vizuri, nikajiona mjanja. Dalali alinionyesha nyumba niliyoipenda, mwenye nyumba akaniangalia, akasema, "Mwanangu, huu ni msimu wa korosho. Sasa hivi napokea ya mwaka." Nililala gesti siku kumi na moja nikitafuta nyingine, na pesa niliyolipa gesti ingenilipia kodi ya miezi miwili. Kama mwajiri wako anakupa nafasi ya kuchagua tarehe ya kuripoti, chagua kati ya Machi na Julai.

Mkataba uandikwe hata kama mwenye nyumba ni mcha Mungu, na usomwe kipengele cha ongezeko la kodi kabla ya kutia sahihi.

Nitafute nyumba mtaa gani?

Shangani ni tulivu, iko karibu na bahari, na unalipia mambo hayo mawili. Chikongola, Majengo, Ligula na Rahaleo ziko karibu na soko, hospitali na ofisi, kiasi kwamba mtu anaweza kutembea kwa miguu, kwa sababu mji huu ni tambarare na mitaa yake imenyooka. Magomeni, Chuno na Ufukoni hutoa nafasi kubwa zaidi kwa pesa ileile. Mikindani, mji mkongwe ulio kama kilomita kumi kutoka katikati, una nyumba za bei nafuu na upepo mzuri, ila utategemea daladala asubuhi na jioni. Mtu anayekwenda kufanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele na apange huko huko, kwani nauli ya bodaboda ya kila siku itameza tofauti yote ya kodi.

Je, mshahara ulioandikwa kwenye barua ndio nitakaoupokea?

Hapana, na kosa hili ndilo linalowaangusha vijana wengi wa ajira ya kwanza. Katika sekta binafsi, mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, ambapo kwa kawaida mwajiri hutoa nusu na mfanyakazi nusu. Kinachobaki ndicho kinachotozwa PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi; kutoka hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, hadi 760,000 asilimia 20, hadi 1,000,000 asilimia 25, na zaidi ya hapo asilimia 30.

Chukua mshahara wa shilingi 600,000. NSSF inachukua 60,000, inabaki 540,000. Kodi ya sehemu ya asilimia 8 ni 20,000, na ya zile 20,000 zilizovuka 520,000 ni 4,000, jumla 24,000. Mkononi unapata 516,000.

Sasa kama ulisomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, inakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 90,000, na mkononi inabaki 426,000. Watu wawili wanaokaa meza moja, wenye barua zinazofanana neno kwa neno, wanatofautiana kwa 90,000 kila mwezi, na hakuna anayemweleza mwenzake.

Mtu mmoja asiye na familia anahitaji kiasi gani?

Endelea na mfano uleule. Kodi ya nyumba 120,000, chakula 150,000, yaani 5,000 kwa siku kwa mtu anayepika mwenyewe jioni, nauli 40,000, umeme na maji 25,000, gesi ya kupikia 25,000, vocha na bando 20,000, na pesa ya kutuma nyumbani 60,000. Jumla ni 440,000.

Mwenye 516,000 mkononi anabaki na 76,000. Mwenye mkopo wa Bodi, anayepokea 426,000, anapungukiwa 14,000 kila mwezi. Pengo hilo linaonekana dogo, na kwa udogo wake ndipo linapoanzia daftari la dukani, kisha mkopo wa kwenye simu, kisha kausha damu, yaani mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Wasomaji wengine watashauri kwamba pesa ya nyumbani iondolewe kwenye hesabu. Sikuiondoa kwa makusudi, kwa kuwa sijawahi kumwona mwajiriwa mpya ambaye simu ya mama yake haikuita tarehe 25.

Kwa maoni yangu, basi, mtu mmoja anaishi Mtwara Mjini bila kukopa kwa mshahara wa shilingi 600,000 ikiwa hana deni la Bodi, na kwa 750,000 hivi ikiwa analo.

Je, kima cha chini cha mshahara kinatosha?

Kwa watumishi wa umma, kima cha chini kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Katika 500,000 hiyo, PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inakata asilimia 5, ambayo ni 25,000; kodi ni 16,400; bima ya afya ya NHIF, asilimia 3, ni 15,000. Mkononi ni 443,600. Ukitoa bajeti ya hapo juu unabakiwa na 3,600, na ukiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi kinachokata asilimia 2, umeshaingia kwenye deni la 6,400. Kinatosha kwa anayepanga chumba kimoja cha choo cha pamoja au anayeishi na mwenzake. Hakimtoshi anayetaka kuishi kama ofisa.

Kwa sekta binafsi, kima cha chini hutofautiana kwa sekta. Wastani wake ulipandishwa kutoka 275,060 hadi 358,322 kuanzia Januari 2026. Kwa kiasi hicho mtu anaishi hapa kwa ndugu, au kwa mwajiri, au anakuwa na shamba.

Na mwenye mke au mume na watoto wawili?

Weka nyumba ya vyumba viwili 200,000, chakula 330,000, umeme na maji 45,000, gesi na mkaa 45,000, mahitaji ya shule 50,000, nauli 50,000, mawasiliano 25,000, na ya kutuma nyumbani 60,000. Jumla ni 805,000.

Mshahara wa 1,000,000 unaonekana mkubwa ukitamkwa, lakini baada ya NSSF ya 100,000 na kodi ya 103,000 unabaki 797,000, pungufu kwa 8,000. Mshahara wa 1,200,000 huacha 928,000, na hapo familia inapumua. Kama mkopo wa Bodi upo, hata 1,200,000 huwa 748,000, na mwenza wako itabidi naye ashike shughuli. Wengi huanza na genge la mboga au kukaanga korosho, na mtaji wa shughuli hizo si wa kutisha.

Nipunguzeje gharama ya chakula?

Jifunze kalenda ya bahari, ambayo katika mji huu ina nguvu kuliko kalenda ya ofisi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu samaki hao hupungua na bei hupanda. Pweza hupatikana kwa wingi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na akina mama kutembea juu ya miamba na vijiti vyao. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, hasa Juni hadi Agosti, mitumbwi midogo hukaa pwani na samaki wakubwa huwa wa kugombaniwa.

Nenda mwenyewe asubuhi kwenye soko la samaki la Feri, simama pembeni kwanza, tazama wenyeji wanavyonunua. Samaki hupangwa chini kwa mafungu, na muuzaji akikusikia lafudhi ya bara hutaja bei ya mgeni bila hata kukutazama usoni. Usikasirike. Mwite "mama" au "kaka" kwa heshima, salimia mpaka mwisho, taja nusu, kisha geuka taratibu kama mtu aliyekumbuka jambo jingine. Ukiitwa, umepata. Baada ya mwezi mmoja wa kwenda kwa mtu yuleyule hutahitaji tena kugeuka, na siku nyingine utaongezewa kibua mmoja juu ya fungu.

Ugali wa muhogo hujaza kwa bei ndogo kuliko wali. Mgeni huukataa wiki ya kwanza.

Umeme, maji na gesi ya kupikia vinagharimu kiasi gani?

Mtumiaji mdogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Akivuka kiwango hicho mara kwa mara huhamishiwa kundi la kawaida, ambako uniti moja ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo. Jambo hilo linahusu Mtwara moja kwa moja, kwa sababu kati ya Novemba na Machi joto hulazimisha feni kukesha, na ukiongeza friji uniti 75 huisha kabla ya mwezi. Kabla ya kulipia nyumba, omba namba ya mita na uulize iko kundi gani.

Kwenye LUKU, yaani umeme huohuo unaolipiwa kabla, hukatwa kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, si yako. Iandikwe kwenye mkataba kwamba atakurudishia au ataipunguza kwenye pango. Mwaka mzima ni 18,000.

Kuhusu gesi, wageni hushangaa kwamba katika mkoa unaotoa gesi asilia watu wananunua mitungi kama wa Dodoma. Baadhi ya nyumba mjini zimeunganishwa na mtandao wa gesi asilia wa TPDC, shirika la mafuta na gesi la serikali, na ukibahatika kupata mojawapo, ing'ang'anie. Sisi wengine tunatumia mtungi, na maharage tunayapika kwa mkaa.

Msimu wa korosho unanihusu nini mimi mwajiriwa?

Unakuhusu kuliko unavyodhani. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mwaka 2007, korosho huuzwa kwa mnada na wakulima hulipwa kupitia benki, hivyo pesa huingia kwa mkupuo, hasa kuanzia Oktoba. Watu wa Tandahimba, Newala, Nanyamba na Masasi huingia mjini kununua bati, pikipiki na vitenge. Mafundi hupanda bei, na fundi aliyekuahidi kabati Ijumaa anakuwa na kazi ya mtu mwenye pesa taslimu. Ndio wakati wa harusi na wa ngoma za unyago na jando, na kadi za mchango zitafika mezani kwako hata kama hujamaliza mwezi kazini. Tenga kitu kwa ajili ya michango kuanzia Agosti.

Mzunguko huo pia hukwama. Novemba 2018 serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo ya wengi yakachelewa, na maduka ya mjini yakakaa bila wateja. Mwaka wa namna hiyo mwajiriwa mwenye mshahara wa uhakika ndiye huombwa mkopo na kila mtu, akiwemo mwenye nyumba wake.

Je, Lindi ni nafuu zaidi?

Kwa nyumba, mara nyingi ndiyo. Kwa bidhaa za dukani, si lazima. Mji ni mdogo na nyumba nzuri za kupanga ni chache, hivyo ukikosa iliyo wazi unachukua iliyopo kwa bei iliyopo.

Vipi kuhusu shule na matibabu?

Shule za serikali hazina ada kuanzia elimu ya msingi hadi kidato cha sita, lakini sare, madaftari na michango ya chakula vipo. Kwa matibabu, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula iko mjini na Hospitali ya Kanda ya Kusini iko Mitengo. Mwajiri asiyekuweka kwenye bima ya afya amekupunguzia mshahara, hata kama hakusema.

Nikipata nafasi ya kujadiliana na mwajiri, niombe nini?

Wengi huomba waongezewe 50,000 kwenye mshahara. Ongezeko hilo hukatwa NSSF, kodi na, kwa wenye mkopo, Bodi. Mwenye 600,000 akiongezwa 50,000 na akiwa na deni la Bodi, mkononi zitafika 28,500 tu. Ni afadhali kuomba mwajiri akulipie kodi ya nyumba ya miezi sita ya mwanzo kama mkopo usio na riba, ukatwe kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Mwajiri haimgharimu sana, nawe unaepuka kuanza kazi ukiwa na deni la riba. Ombi hilo lipelekwe kwa maandishi kabla ya kusaini mkataba, likiambatana na nauli ya kuja na gharama za kusafirisha mizigo, na jibu lake liwe kwenye barua yenye mhuri. Ahadi ya mdomo kwamba "utakuja kuangaliwa ukishafika" haipokelewi na mwenye nyumba yeyote wa Chikongola.